Kibodi ya USB haiamki asubuhi, vitufe vinne vimekufa, na @ imehama: ninunue mpya?

SWALI: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina kistationari hapa Ngamiani, Tanga, nachapa na kudurufu. Kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, ina Windows 10, na kibodi ni ya waya ya USB, nimeichomeka mbele. Asubuhi nikiwasha, kibodi haiandiki kitu mpaka niichomoe na kuichomeka tena, siku nyingine hata mara tatu. Tangu mvua hizi zianze, 3, E, D na C zimekufa kwa mpigo. Halafu nikitaka @ inatoka alama ya kufungulia maneno, basi barua pepe za wateja nanakili @ kutoka kwingine. Jioni nazima kompyuta kwenye skrini, swichi ya ukutani siigusi. Fundi wa jirani kaniambia nitupe kibodi. Nitupe?"

JIBU: Usitupe bado, dada. Una matatizo matatu, na kibodi mpya ingekuondolea moja tu, lile la vitufe vinne. @ ingeendelea kutoka pasipo pake hata ungenunua kibodi ya bei mbaya, na lile la asubuhi lina kila dalili ya kuwa la kompyuta. Fundi wako hakukosea kabisa, ila ameanza na hatua ya mwisho.

Kabla ya yote, upate cha kufanyia kazi leo, maana Kiswahili bila E na D hakiandikiki. Shika kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika osk, bonyeza Enter. Bahati nzuri herufi hizo tatu kwako zi hai. Itatokea kibodi kwenye skrini. Andika kwa vidole kama kawaida, na ukifika kwenye E au D bofya kwa mausi. Inachosha, lakini barua ya ukurasa mmoja itatoka. Usiifunge, tutaitumia kupimia.

Tuanze na @, kwa kuwa ndilo jepesi. Kibodi haijui kwamba kitufe fulani kimechorwa @. Inachopeleka kwenye kompyuta ni namba ya mahali pa kitufe. Windows ndiyo inayoamua pale pana herufi gani, kwa kufuata mpangilio uliochaguliwa. Mpangilio wa Marekani huweka @ juu ya 2, na alama ya kufungulia maneno karibu na Enter. Mpangilio wa Uingereza huzibadilisha hizo mbili. Kibodi nyingi za madukani kwetu zimechapwa Kimarekani, ilhali Windows huwekwa kwa Kiingereza cha Uingereza, ndipo vitu vinapopishana. Ningekwambia ujaribu Shift na 3 uone kama inatoka alama ya pauni, lakini 3 yako imekufa. Basi shika Shift, bonyeza kitufe kilichochorwa alama za kufungulia maneno. Ikitoka @, jibu umelipata.

Shika kitufe cha Windows, gusa kitufe kirefu cha nafasi, uone kama kuna mpangilio wa pili wa kuchagua. Kama haupo, fungua Settings, ingia Time & Language, kisha Language, bofya lugha ya Kiingereza iliyopo, ingia Options, ongeza kibodi ya US, halafu ondoa ile ya United Kingdom. Ondoa kibodi tu. Lugha iache hapo hapo. Ukishabaki na mpangilio mmoja, hata vidole vikigusa Alt na Shift kwa bahati mbaya @ haitahama tena. Mguso huo ndio unaowafanya watu waape kwamba jana ilikuwa sawa.

Sasa vitufe vilivyokufa, ambavyo ndivyo vyenye kazi.

Chini ya vitufe vya kibodi ya kawaida kuna karatasi tatu za plastiki angavu zilizolaliana. Ya juu na ya chini zimechorwa njia nyembamba za umeme, kwa kawaida kwa wino wenye madini ya fedha au kaboni. Ya kati haina njia, ina matundu tu, tundu moja chini ya kila kitufe. Ukibonyeza E, kikombe kidogo cha mpira kinaisukuma karatasi ya juu ipite kwenye tundu, iguse ya chini. Umeme unapita, kibao cha saketi kilicho pembeni kinasoma njia gani ya juu imekutana na njia gani ya chini, kinajua ni E.

Kila njia inahudumia vitufe kadhaa kwa pamoja. Kibodi yenye vitufe mia na kitu haina waya mia, ina mistari ya kulala na mistari ya kusimama, na kila kitufe ni njia panda. Tazama kibodi yako: 3, E, D na C zimepangana kwenye mshazari mmoja toka juu kwenda chini. Katika kibodi nyingi vitufe hivyo vinne hutumia mstari mmoja. Vitufe vinne haviwezi kuchakaa siku moja, ila mstari mmoja unaweza kukatika siku moja. Jaribu pia F3 na F4, huenda nazo zimekufa na hukujua kwa kuwa huzitumii. Hapa kibodi ya kwenye skrini inasaidia: bonyeza kitufe halisi uone kama mwenzake wa kwenye skrini anamwekamweka. Asipomweka, habari haijafika kwenye kompyuta.

Kama una simu ya Android na ile adapta ndogo ya OTG, ya kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, ichomeke kibodi humo, fungua sehemu ya kuandikia ujumbe, jaribu. E ikiwa imekufa hata kwenye simu, ubovu uko ndani ya kibodi na Windows haina kosa. Na simu nyingi hutumia mpangilio wa Marekani kwa kibodi ya nje, kwa hiyo huenda ukaiona @ ikitoka mahali pake.

Kwa nini mvua zimeanza na mstari ukafa? Tanga ni mji wa pwani. Hewa yetu ina chumvi, na masika huongeza unyevu mpaka karatasi za kudurufia zinajikunja kwenye trei. Chumvi na unyevu vikikaa juu ya njia ya fedha yenye volti ndani yake, njia inaoza upesi kuliko ingeoza ikiwa imezimwa. Fedha hata huhama polepole kutoka njia moja kuelekea jirani yake. Shika hilo la volti, tutalirudia tukifika kwenye asubuhi.

Kuifungua hakuhitaji ufundi mkubwa. Chomoa waya. Piga picha ya vitufe vyote kwa simu. Geuza kibodi, toa skrubu zote kwa bisibisi ya nyota. Kama zimeisha na bado haifunguki, papasa chini ya lebo na chini ya vile viguu vya mpira, hujificha humo. Kisha pitisha kadi ya plastiki ukingoni ili uachie ndoana, usitumie kisu. Fungua kibodi ikiwa imelala kifudifudi, vitufe chini, mgongo juu, kwa sababu kuna kibodi ambazo vikombe vya mpira havijashikana, kila kimoja kiko peke yake. Ukiigeuza ovyo utaokota vikombe mia sakafuni.

Usikimbilie kwenye karatasi zenyewe. Nenda pale mikia ya karatasi inapoingia kwenye kibao cha saketi, aghalabu juu kulia, karibu na taa za Num Lock na Caps Lock. Mikia haijachomelewa. Imekandamizwa tu juu ya meno ya kibao, kwa kipande cha mpira na ubapa wa chuma au plastiki wenye skrubu mbili au tatu. Ndipo mahali dhaifu kuliko pote. Skrubu ikilegea kidogo, au ukungu ukiingia kati ya mkia na jino lake, mstari mzima unakufa, na vitufe vyote vya mstari huo vinakwenda nao.

Fungua ubapa, inua mkia taratibu. Utaona vidole vyembamba vyeusi au vya kijivu vilivyopangana kama meno ya kitana. Angalia kama kuna kimoja chenye doa jeupe au kijani, au kilichochubuka. Lowesha pamba kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa mkia kwa kuelekea upande mmoja, bila kusugua. Spiriti yenye rangi, ile ya kuwashia majiko, usitumie, huacha mabaki. Futa na meno ya kibao vilevile. Meno yakiwa ya rangi ya shaba au dhahabu unaweza kuyapitishia kifutio cha penseli, polepole. Yakiwa meusi ni kaboni, kifutio kitayala, ishia kwenye pamba. Acha dakika 10 yakauke.

Unaporudisha, kata kipande cha karatasi ya A4 upana wa ule mpira, kikunje mara mbili, kiweke mgongoni mwa mpira, kisha funga ubapa. Hicho kikaratasi kinaongeza mkandamizo, na mpira uliochoka unahitaji hilo tu. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, mkia usije ukasogea upande. Kabla ya kufunga gamba, chomeka USB na ujaribu E kwa kubonyeza karatasi kwa kidole. Zikifufuka nne zote, umemaliza.

Zisipofufuka, ufa uko kwenye njia yenyewe. Inyanyue karatasi dhidi ya mwanga wa dirisha ufuate mstari kwa macho mpaka uone palipokatika au palipoliwa. Ukiwa na multimita, kile kipimo cha umeme, pima kwa upande wa ohmu, yaani ukinzani. Usitegemee ule mlio wake wa kuonyesha kwamba njia imeungana, kwa sababu njia nzima ya kaboni ina ukinzani wa kutosha kuifanya mita inyamaze ukadhani imekatika. Kuunganisha kwa risasi ya kuchomelea hakuwezekani, plastiki itayeyuka kabla. Kuna wino wa fedha unaopitisha umeme, unapakwa kwa ncha ya kijiti na kuachwa ukauke, lakini kwa kibodi ya kawaida bei ya kile kichupa inakaribia kibodi yenyewe. Watu hupaka risasi ya penseli. Hufanya kazi wiki moja, mbili, kisha unaanza upya. Kwa biashara yako sikushauri. Hapo ndipo neno la fundi wako linapokuwa kweli.

Tuje kwenye asubuhi.

Kesho ukiwasha na kibodi ikagoma, usiichomoe kwanza. Tazama taa. Taa ya Num Lock haiwashwi na kibodi. Ukibonyeza Num Lock, kibodi inapeleka habari, na kompyuta ndiyo inayorudisha amri taa iwake au izimike. Kwa hiyo taa ikibadilika kila ukibonyeza, mawasiliano yapo kwenda na kurudi, tafuta kosa kwenye programu. Taa ikiwa imeganda, imewaka na haisikii, umeme unafika ila mazungumzo yamekufa. Na kama hakuna taa hata moja iliyowaka tangu kompyuta inaanza, shuku waya au mlango wa USB.

Waya unapimwa hivi: shika Num Lock kwa mkono mmoja ukiwa unaibonyeza-bonyeza, kwa mkono mwingine ukunje waya palipo shingo ya plagi, halafu pale unapoingia kwenye gamba la kibodi. Taa ikikatika na kurudi, umeupata ufa. Ndani kuna nyaya nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya kurudisha, nyeupe na kijani za data. Watengenezaji wa bei chee si wote wanaoheshimu rangi hizo, kwa hiyo fundi apime kabla ya kuunga.

Lakini kwako, kwa kuwa kuchomoa na kuchomeka kunatibu, mimi ningeshuku mambo matatu kwa mpangilio huu. Badilisha jambo moja tu kwa wakati, na lipe asubuhi tatu. Ukibadilisha yote matatu leo, kesho ikipona hutajua ni lipi.

La kwanza, toa kibodi mbele, ipeleke nyuma. Milango ya nyuma imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Ya mbele inaunganishwa na waya mdogo wa ndani wenye plagi ya pini, na kwenye mashine ya mtumba iliyosafirishwa mbali plagi hiyo mara nyingi imelegea au imejaa vumbi. Chagua mlango mweusi, wa USB 2.0. Mlango wa buluu hauipi kibodi faida yoyote, kibodi nyingi hutumia kasi ya chini kabisa ya USB, megabiti 1.5 kwa sekunde. Na usipitishie kwenye ile tawi ya USB yenye matundu manne isiyo na umeme wake: mlango wa USB 2.0 unatoa miliampia 500, na hapo umeshagawana na flashi za wateja.

La pili, Windows 10 haizimiki kabisa ukibofya Shut down. Ina kitu kinaitwa Fast Startup, huhifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha asubuhi kama kilivyokuwa, pamoja na kumbukumbu ya vifaa vilivyokuwepo jana. Kujua kama ndiyo mchawi: asubuhi kibodi ikigoma, usiiguse, bofya Restart kwa mausi. Restart huanza upya kweli. Kibodi ikirudi baada ya hapo, fungua Control Panel, Hardware and Sound, Power Options, kisha Choose what the power buttons do. Bofya mstari wa juu unaosema Change settings that are currently unavailable, ondoa tiki kwenye Turn on fast startup, hifadhi. Kompyuta itachelewa kidogo kuwaka, basi.

La tatu ndilo nililokuambia ulishike. Jioni ukishazima, tazama kibodi: kuna taa inayowaka bado? Au mausi ina mwanga chini? Ubao mkuu mwingi huacha volti 5 kwenye USB hata kompyuta ikiwa imezimwa, alimradi swichi ya ukutani imewashwa. Kibodi inalala na umeme usiku kucha. Chipu yake ikiganda, kuzima na kuwasha kompyuta hakuigusi kwa kuwa umeme haukukatika kwake, ndiyo maana inangoja mkono wako. Na volti hiyo hiyo, usiku mzima wa unyevu, ndiyo inayosaidia kuzila zile njia za fedha. Zima ukutani jioni. Ukitaka kuimwaga charji yote, baada ya kuzima ukutani shika kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15. Hilo linakukinga pia na Tanesco ikirudi usiku kwa kishindo.

Ukianza kuzima ukutani na ukaona asubuhi saa na tarehe zimerudi nyuma, betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha. Ni CR2032 ya volti 3, inachomolewa kwa kucha. Bila hiyo mashine inasahau mipangilio yake ya kuwakia, na nyingine husimama kwenye skrini nyeusi kungoja ubonyeze F1.

Kitu kimoja usifanye: usiende kwenye intaneti kutafuta draiva ya kibodi, yaani programu ya kuiendesha. Kibodi ya USB ya kawaida hutumia draiva ambayo Windows inayo tayari. Kurasa zinazokuambia upakue nyingine huweza kukuletea virusi.

Kwa kuwa dukani mnarundika makaratasi mezani, jua na hili. Daftari la risiti likilalia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows hujitolea kuwasha Filter Keys. Ukiikubali, kibodi inakuwa nzito, mguso mfupi hausomwi, inabidi ushikilie kila herufi. Si ubovu, shikilia Shift ya kulia tena sekunde 8. Ukipiga Shift mara tano mfululizo inakuja nyingine, Sticky Keys, ukiiona ikatae.

Na chai ikimwagika, chomoa saa hiyo hiyo, pindua, usijaribu kama bado inaandika. Chai ya sukari ifunguliwe siku ileile, karatasi zioshwe kwa maji yaliyokenekwa (distilled), si ya bomba, zikaushwe kivulini siku moja hadi mbili. Kibao cha saketi kitolewe kwanza. Juani plastiki hupinda, na ikishapinda matundu hayakutani tena na njia.

Ikifika mahali pa kununua, nenda dukani na simu na adapta yako ya OTG. Chukua ya waya, yenye @ juu ya 2, na matundu ya kutolea maji mgongoni kama ipo. Ichomeke kwenye simu pale pale kaunta, upige mstari wa namba toka 1 hadi 0, kisha safu tatu za herufi, kisha Shift zote mbili, halafu ukunje waya shingoni huku ukiandika. Muuza duka akikataa usijaribu, nenda la pili.